Nicodemus, Kansas: mji usio na serikali, na kwa nini haujafa

Sensa ya Marekani ya 2020 ilihesabu watu 14 katika Nicodemus, kijiji kilicho kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, katika Kaunti ya Graham. Hakuna meya, hakuna diwani, hakuna bajeti ya mji. Posta ilifungwa mwaka 1953. Ukishika barabara kuu namba 24 kutoka Stockton kuelekea Hill City, utaona makanisa ya zamani, ukumbi wa mawe na nyumba chache, kisha mashamba yanaendelea hadi upeo wa macho. Pamoja na hayo, kijiji hikihiki ni eneo la kihistoria la taifa kwa sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani, na kila mwisho wa Julai mamia ya watu husafiri kutoka Denver, Topeka, Kansas City na kwingineko kwenda kukaa hapo siku chache.

Wanaosimulia habari za Nicodemus kwa haraka huanza na watumwa walioachwa huru wakaja Kansas mwaka 1877, kisha hurukia mwaka 1888 reli ilipopita kando, na hapo hufunga hesabu: mji ukafa. Nadhani simulizi hiyo inawapunja watu wale, na inapotosha hata mambo ya kisheria. Jina Nicodemus limebebwa na vitu kadhaa tofauti: ramani ya viwanja, koloni lenye kamati, tarafa yenye wapiga kura, na jamii ya watu wanaojuana kwa ukoo. Kitu kimoja tu ndicho ambacho Nicodemus haikuwahi kuwa, nacho ni mji kwa maana ya sheria. Usipovitenganisha hivyo, hutaelewa ni nini kilichokufa mwaka 1888 na ni nini kilichobaki.

Tuanze na sheria, maana hapo ndipo watu wengi hupotea.

Marekani imegawanywa katika majimbo, na majimbo mengi yamegawanywa katika kaunti. Kansas ina kaunti 105, na hakuna hatua moja ya ardhi ya jimbo hilo isiyo ndani ya kaunti fulani. Mji ni jambo jingine kabisa. Mji hauzaliwi kwa sababu watu wamejenga nyumba karibu karibu. Huzaliwa pale wakazi wanapoomba, wakatimiza masharti ya sheria ya jimbo, na chombo chenye mamlaka kikatamka kwamba kuanzia sasa mahali hapa ni mtu wa kisheria. Mtu huyo wa kisheria anaweza kumiliki mali, kukopa, kutoza kodi, kutunga sheria ndogo, kushtaki na kushtakiwa. Kansas huipanga miji yake katika madaraja matatu, na la tatu ndilo la miji midogo kabisa. Pasipo hatua hiyo, hata nyumba zikiwa mia, mahali hapo ni makazi tu ndani ya kaunti. Polisi wao ni sherifu wa kaunti, kodi yao ya ardhi huenda kaunti, na barabara zao hutengenezwa na kaunti au na tarafa.

Msomaji aliyezoea kijiji cha Tanzania, chenye mwenyekiti, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa watu wazima wote, asiipeleke picha hiyo Kansas. Kule, kijiji cha namna ya Nicodemus hakina mkutano wowote ambao uamuzi wake unaifunga ardhi au mfuko wa umma. Kinachokaribia hapo ni tarafa, kipande cha kaunti chenye halmashauri ya watu watatu: mdhamini, karani na mweka hazina. Nicodemus imo ndani ya Tarafa ya Nicodemus, lakini tarafa hiyo ni pana kuliko kijiji. Inakusanya mashamba yote ya pembeni, na tangu mwanzo ilikuwa na wakazi weupe pia.

Tofauti hii itarudi tukifika kwenye habari za reli. Kwanza turudi nyuma, Kentucky.

Kentucky haikujitenga na Muungano wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, na kwa sababu hiyo tangazo la uhuru la Rais Lincoln la 1863, lililohusu majimbo yaliyoasi, halikuwagusa watumwa wa huko. Wengi wao waliupata uhuru wa kisheria Desemba 1865, Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoanza kazi. Uhuru huo haukuja na ardhi. Mtu aliyelima shamba la bwana bila ujira sasa alililima shamba lilelile kwa mgawo wa mazao na deni lisilokwisha, huku magenge ya weupe yakiwaandama usiku waliothubutu kupiga kura au kufungua shule. Kwa miaka kumi na miwili watu wa kaunti za Scott na Fayette, karibu na Georgetown na Lexington, waliishi hivyo.

Upande wa magharibi kulikuwa na Sheria ya Makazi ya 1862. Mkuu wa kaya, au yeyote aliyetimiza miaka 21, aliweza kudai ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo. Akiishi hapo miaka mitano na kuiendeleza, anapewa hati. Sheria haikutaja rangi. Kansas nayo ilikuwa na jina zuri miongoni mwa Waafrika-Wamarekani, kwani ndiko John Brown alikopigana na watetezi wa utumwa katika miaka ya 1850, na jimbo hilo liliingia katika Muungano mwaka 1861 bila utumwa.

Mwezi wa Aprili 1877 kampuni ya mji ikaundwa. Wanachama wake walikuwa saba: sita weusi na mmoja mweupe. Rais alikuwa W. H. Smith, mtu mweusi, mhubiri Simon Roundtree alikuwa katibu, Zachary T. Fletcher alikuwamo, na yule mweupe alikuwa W. R. Hill, mpimaji na mfanyabiashara wa ardhi aliyetokea Indiana. Walichagua ekari 160 karibu na mkono wa kusini wa mto Solomon, wakazichora kuwa mitaa na viwanja, wakaupa mji wa kwenye karatasi jina la Nicodemus. Kisha Hill na wenzake wakasambaza vipeperushi na kuzunguka makanisa ya weusi ya Kentucky wakihubiri juu ya bonde lenye rutuba, maji, mawindo na farasi mwitu wa kufugwa.

Hapa kuna jambo la kusawazisha. Mara nyingi utasoma kwamba Nicodemus ni matunda ya wimbi kubwa la 1879, maelfu ya weusi wa Mississippi, Louisiana na Texas walipokimbilia Kansas kwa boti na kwa miguu, na kwamba kiongozi wake alikuwa Benjamin Singleton. Sivyo. Singleton alikuwa mtu mashuhuri katika uhamaji huo, na koloni lake la Dunlap lilikuwa Kaunti ya Morris, mbali sana upande wa mashariki. Watu wa Nicodemus walitangulia wimbi hilo kwa miaka miwili, walitoka jimbo jingine, na walikuja kwa mpango: walilipa ada kwa kampuni, wakasafiri kwa makundi yaliyotoka usharika mmoja wa kanisa. Wakimbizi wa 1879 wengi walifika mikono mitupu bila kujua watalala wapi. Walowezi wa Nicodemus walijua wanakwenda wapi. Tatizo lao ni kwamba mahali penyewe hapakufanana na walichoambiwa.

Kundi kubwa la kwanza, watu zaidi ya 300, lilifika Septemba 1877. Walishuka treni Ellis, kisha wakatembea maili 35 hivi kaskazini kwenye nyika isiyo na mti. Walipofika hawakuona nyumba. Waliotangulia wachache walikuwa wamechimba vyumba kwenye kingo za ardhi, wakaezeka kwa fito, majani na udongo. Familia kadhaa ziligeuza palepale. Masimulizi ya wazee yanasema kuwa watu walimtafuta Hill kwa hasira ya kutaka kumnyonga, naye akajificha. Masika ya 1878 lilikuja kundi jingine kutoka Georgetown likiongozwa na mchungaji Daniel Hickman wa kanisa la Kibaptisti. Mkewe, Willianna Hickman, alisimulia baadaye kwamba wanaume walipopiga kelele za furaha kuwa Nicodemus imeonekana, yeye aliangalia kwa macho yote asiione. Mumewe akamwonyesha moshi unaofuka kutoka ardhini, akamwambia ndiyo hiyo. Akalia.

Maneno ya mama huyo yananukuliwa mno, na ni haki yananukuliwa. Lakini huwa yanaishia kwenye kilio, kana kwamba ndio mwisho wake. Mama Hickman hakurudi Kentucky. Yeye na mumewe walibaki miaka mingi katika kaunti hiyo, kanisa lao likasimama, na kumbukumbu zake zikawa miongoni mwa ushahidi mkuu tulio nao wa siku zile.

Majira ya baridi ya 1877 kuamkia 1878 yalikuwa mtihani wa kweli. Walikuwa wamefika Septemba, muda wa kupanda umepita. Farasi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, majembe ya kukokotwa hayakutosha, na nyika ile ina mizizi ya majani iliyosukana karne na karne, haifunguki kwa jembe la mkono ila kwa jasho jingi. Kuni hazikuwapo; walichoma kinyesi kikavu cha nyati na mashina ya alizeti. Waliokota mifupa ya nyati iliyotapakaa nyikani wakaiuza. Wanaume walitembea kwenda Ellis na mbali zaidi kutafuta kibarua cha reli na cha mashamba, wakiacha wake zao walinde madai ya ardhi, maana sheria ilitaka pakaliwe. Simulizi ya kijiji inasema kuwa Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda waliwapa nyama, na kwamba bila nyama hiyo wengi wasingefika masika. Watu waliofukuzwa kwenye ardhi hiyohiyo ya Kansas miaka michache kabla ndio waliolisha wageni. Sioni namna ya kuandika habari za Nicodemus na kulipita jambo hilo haraka.

Shule ilianza mapema, ndani ya kibanda cha kuchimbwa ardhini, na mwalimu wake alikuwa Jenny Fletcher, mke wa Zachary. Mwaka 1879 ikawa shule rasmi, Wilaya ya Shule Namba 1, ya kwanza katika kaunti nzima. Kumbuka kwamba baadhi ya wazazi hawa walizaliwa mahali ambapo kujifunza kusoma kulikuwa hatari.

Sasa turudi kwenye jina lenye mizigo mingi. Katika miaka miwili ya mwanzo, Nicodemus iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa koloni: ushirika wa hiari wenye kamati na viongozi, uliotuma wajumbe mashariki mwa Kansas na hata nje ya jimbo kuomba chakula, nguo na mbegu, kisha ukagawa kilichopatikana. Mwaka 1879 wakazi waliamua kuacha kuomba misaada na kuuvunja muundo huo. Mavuno yalikuwa yameanza kutosha, na walikuwa wamechoka kuonekana ombaomba na kuchafuliwa jina na watu waliochangisha kwa jina lao bila ruhusa. Uamuzi huo ulikuwa wa heshima. Ila ulikuwa na matokeo ambayo hayatajwi: chombo pekee kilichowahi kusema kwa niaba ya wakazi wote wa Nicodemus kilivunjwa, na hakuna serikali ya mji iliyokuja kushika nafasi yake. Kampuni ya mji yenyewe ilikuwa biashara ya viwanja, haikuwa serikali.

Wakati huo siasa ya kweli ilikuwa inafanyika ngazi nyingine. Kaunti ya Graham ilikuwa imechorwa tu kwenye ramani, haijaundwa. Kwa mambo ya mahakama na kumbukumbu watu walikwenda Stockton, Kaunti ya Rooks. Vijana wawili wasomi, Abram Hall na Edward P. McCabe, walifika Nicodemus mwaka 1878, wakafungua kazi ya kusaidia watu kudai ardhi, wakafuatilia kuundwa kwa kaunti. Mwaka 1880 Gavana John St. John akaiunda, na McCabe akateuliwa karani wa muda. Miaka miwili baadaye, 1882, wapiga kura wa Kansas walimchagua McCabe kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima, wakamrudisha 1884. Hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa kushika cheo cha jimbo zima katika Kansas kabla yake.

Kwa hiyo kijiji kisicho na diwani kilitoa kiongozi wa jimbo. Lakini makao makuu ya kaunti hakikuyapata. Yaliwekwa kwanza Millbrook, kisha mwaka 1888 yakahamia Hill City, mji ulioanzishwa na W. R. Hill yuleyule. Makao makuu ya kaunti maana yake ni mahakama, masijala ya ardhi, wanasheria, hoteli za wenye kesi, magazeti yanayolipwa kuchapa matangazo ya serikali. Katika Nyanda Kuu za Marekani, mji mdogo uliopata mahakama ya kaunti ulikuwa na uhakika wa kuishi, hata mvua zikigoma. Hill alihakikisha mji uliobeba jina lake unapata uhakika huo.

Miaka ya kati ya 1880 ilikuwa ya neema. Mvua zilikuwa nzuri, bei za ardhi zilipanda, na Nicodemus ilikuwa na maduka, hoteli ya St. Francis ya akina Fletcher, makanisa, benki, na kufikia 1887 magazeti mawili: Western Cyclone, lililoanza 1886, na Nicodemus Enterprise, lililoanza mwaka uliofuata. Miongoni mwa wenye biashara walikuwamo weupe, kwa kuwa waliona mji unakua. Sasa kilichobaki kilikuwa reli.

Hapa ndipo ile tofauti ya tarafa na mji inapotenda kazi. Kampuni za reli za wakati ule hazikujenga kwa hisani. Zilizunguka vijijini zikiuliza: mtatoa nini? Jibu la kawaida lilikuwa hati fungani, yaani deni la umma: wapiga kura wanakubali eneo lao likope, fedha zinapewa kampuni, na wenye ardhi wanalipa kwa kodi kwa miaka. Mji wenye hadhi ya kisheria ungeweza kujifunga wenyewe. Nicodemus haikuwa na hadhi hiyo, hivyo aliyejifunga ni tarafa. Machi 1887 wapiga kura wa Tarafa ya Nicodemus, wengi wao wakulima wenye mashamba mbali na maduka, waliidhinisha dola 16,000 kuivuta reli ya Missouri Pacific. Fikiri uzito wake. Watu walioingia miaka kumi kabla bila farasi walikuwa tayari kuweka mashamba yao rehani ili maduka ya wenzao yapate stesheni.

Missouri Pacific haikuja. Mwaka 1888 reli ya Union Pacific ilijengwa, lakini ng'ambo ya mto Solomon, kusini, na kambi yake maili chache kutoka Nicodemus ikawa mji wa Bogue. Wafanyabiashara hawakungoja. Wengine waling'oa majengo yao ya mbao, wakayapakia kwenye magari ya kukokotwa, wakayavusha mto. Magazeti yalifungwa. McCabe akaelekea Oklahoma, ambako alishiriki kuanzisha mji wa Langston mwaka 1890.

Kama Nicodemus ingekuwa mji kisheria, je, reli ingekuja? Sidhani. Kampuni zilipanga njia kwa hesabu zao, na yapo mamia ya miji halali ya weupe iliyopitwa kando katika miaka hiyohiyo. Rangi ilihusika kwa njia isiyo ya moja kwa moja: wakulima weusi walikuwa na mtaji mdogo, marafiki wachache katika ofisi za reli, na hawakuwa na benki kubwa ya kuwasemea. Hata hivyo hadhi ya kisheria ingewasaidia katika jambo moja: baada ya pigo, kungekuwa na chombo cha kukaa kitako na kupanga. Boley, mji wa weusi wa Oklahoma uliosajiliwa kisheria mwaka 1905, ulipitia mashaka makubwa, ukafilisika hata, lakini kulikuwa na baraza la kujadiliana na wadai. Nicodemus ilipopigwa, kila mtu aliamua peke yake.

Na wengi waliamua kubaki. Hili ndilo linalopotea katika simulizi ya haraka. Waliohama mwaka 1888 walikuwa wenye maduka. Wenye ekari 160 hawakuwa na sababu ya kuhama: walikuwa na hati, na ngano haijali stesheni iko kijijini au maili chache mbele. Kilichokufa ni biashara ya ile ramani ya viwanja. Jamii ya wakulima iliendelea kukua baada ya hapo, ikanunua ardhi zaidi, ikajenga upya. Kanisa la Kibaptisti la mawe lilisimama mwaka 1907, na jengo la shule unaloliona leo ni la 1918. Mtu hajengi shule ya watoto mahali palipokufa miaka thelathini iliyopita.

Kilichoimega Nicodemus kweli kilikuja katika miaka ya 1930. Bei ya ngano ilianguka, kisha ukame na tufani za vumbi zikafunika nyanda zote za kati. Mkulima mweusi alikuwa na mzigo wa ziada, kwani mikopo ya benki na ya serikali ilimfikia kwa kuchelewa au haikumfikia. Kufikia 1935 kijijini walibaki watu 76. Katikati ya dhiki hiyo, mwaka 1939, mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasio na ajira ulijenga ukumbi wa tarafa kwa mawe ya chokaa. Ukumbi huo, mali ya tarafa, ndio ukawa sebule ya umma ya kijiji kisichoweza kumiliki jengo: kura zilipigwa humo, misiba ilikaliwa humo, ngoma zilichezwa humo.

Mwaka 1950 walihesabiwa 16. Miaka mitatu baadaye posta ikafungwa, na hilo lilikuwa pigo kuliko linavyosikika. Mahali pasipo na serikali ya mji, posta ndiyo huwa ithibati pekee ya kiserikali kwamba mahali hapo pana jina. Jina hilo lingeweza kufutika kwenye ramani kama lilivyofutika la vijiji vingi vya Kansas. Halikufutika kwa sababu ya sherehe.

Tangu miaka ya mwanzo watu wa Nicodemus waliadhimisha ukombozi karibu na tarehe 1 Agosti, siku ambayo utumwa ulikomeshwa kisheria katika makoloni ya Uingereza, visiwa vya Karibi vikiwamo, mwaka 1834. Weusi wa Marekani waliiadhimisha siku hiyo miongo mitatu kabla ya kupata uhuru wao wenyewe. Huko Kentucky na Kansas desturi hiyo haikufa. Katika Nicodemus ilikuwa siku ya nyama choma, mpira wa besiboli, mahubiri, gwaride. Vijana walipohamia mijini, sherehe ikageuka kuwa siku ya kurudi nyumbani. Mchezaji wa kandanda ya Kimarekani Veryl Switzer, mzaliwa wa Nicodemus aliyechezea Green Bay Packers katika miaka ya 1950, ni mmoja wa wana waliojulikana nje bila kulikata shina. Ukimuuliza mjukuu aliyezaliwa Denver kwao ni wapi, atakutajia Nicodemus, na ana shamba la ukoo au kaburi la kukuonyesha.

Kurudi huko ndiko kulikoleta hatua za miaka ya karibuni. Mwaka 1976 Nicodemus ilitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wazao walianzisha Jumuiya ya Kihistoria ya Nicodemus chini ya Angela Bates, wakakusanya picha, barua na masimulizi, wakawashawishi wanasiasa, akiwamo Seneta Bob Dole wa Kansas. Tarehe 12 Novemba 1996 sheria ikatiwa saini: majengo matano, yaani makanisa mawili ya zamani, hoteli ya St. Francis, shule na ukumbi wa tarafa, yakawa Eneo la Kihistoria la Taifa, chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Idara hiyo hukieleza kuwa kijiji cha weusi cha kale kuliko vyote vilivyobaki magharibi ya mto Mississippi, ingawa Texas nako vipo vijiji vya weusi vya kipindi kilichofuata vita.

Usielewe vibaya maana yake kisheria. Tangazo hilo halikuifanya Nicodemus kuwa mji, wala halikumpa serikali kuu umiliki wa kijiji. Wenye nyumba ni wenye nyumba. Idara inahusika na majengo yale matano, na hata kati ya hayo si yote iliyo mali yake. Mengine iliyatunza kwa makubaliano na wenyewe, na ukumbi wa tarafa ndimo wageni wanamopokelewa. Matokeo yake ni mpangilio wa ajabu: pana maofisa wa serikali kuu wenye sare, pana halmashauri ya tarafa ya watu watatu, pana makamishna wa kaunti walioko Hill City, pana jumuiya ya wazao wenye makao miji ya mbali, na katikati pana wakazi wachache ambao hawana chombo chao cha kuchagua. Uamuzi unapotolewa kuhusu paa la kanisa au maegesho ya sherehe, maoni ya mkazi huingia kupitia mlango wa mtu mwingine.

Wapo wanaosema kuwa basi Nicodemus imekuwa makumbusho. Siafikiani nao, na sababu yangu ni mashamba. Wazao bado wanalima ardhi kuzunguka kijiji, ijapokuwa ni wachache kuliko zamani. Mwaka 1999 wakulima wa hapo walikuwa msingi wa Chama cha Wakulima Weusi wa Kansas, katika mwaka uleule ambao mahakama ya shirikisho iliidhinisha suluhu kubwa ya kesi ya wakulima weusi dhidi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, wizara iliyokuwa imewabagua katika mikopo. Chama hicho kilijaribu mazao mapya yanayovumilia ukame. Moja lilikuwa tefu, nafaka ndogo mno ya Ethiopia ambayo unga wake hutengenezwa injera, yenye wanunuzi kwa maelfu miongoni mwa Wahabeshi waliohamia miji ya Marekani. Ikapandwa katika udongo uleule ambao mababu waliufungua kwa majembe ya mkono.

Mzigo wa sasa ni urithi wa ardhi hiyo. Shamba la ekari 160 lililopita vizazi vitano bila wosia huwa na warithi wengi waliotawanyika, na mmoja akiuza fungu lake kwa mgeni, mgeni huyo anaweza kwenda mahakamani kuomba lote liuzwe ili fedha zigawanywe. Kwa njia hiyo familia nyingi za weusi nchini Marekani zimepoteza mashamba bila kuyauza kwa hiari. Mji hauwezi kulizuia jambo hilo, wala Idara ya Hifadhi haiwezi. Linazuiwa na wosia ulioandikwa mapema, na na ndugu wanaokaa pamoja mwisho wa Julai, wote wakiwa wamefika, wakapitia hati kabla ya kuagana.